Namba 2147483647
Wanafunzi ninaowafundisha hapa Kisumu huniuliza iliwezekanaje, kabla ya kikokotoo, kuthibitisha kwamba 2147483647, yaani 2 kwa kipeo cha 31 ukitoa 1, ni namba tasa (isiyogawanyika kamili ila kwa 1 na yenyewe), kazi ambayo mwanahisabati Leonhard Euler aliikamilisha kufikia mwaka 1772. Kipeuo chake cha pili hakifiki 46341, hivyo hakuna haja ya kujaribu vigawanyo zaidi ya hapo. Lakini uzuri wenyewe, kwa maoni yangu, ni kwamba kigawanyo tasa chochote lazima kiache baki ya 1 au 63 kinapogawanywa kwa 248, kwa hiyo 3, 7, 13 na nyingine nyingi huondolewa bila kuguswa, na ya kwanza kustahili kujaribiwa ni 311. Tuligawa 2147483647 kwa 311 ubaoni, ikabaki 35. Ukizidisha 2147483647 kwa 1073741824, unapata namba kamilifu 2305843008139952128, iliyo sawa na jumla ya vigawanyo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe.