Kidole changu na ridhaa za watu

Nina saiba ndogo hapa Langoni, mjini Lamu. Kompyuta tatu, na moja ni pambo tu tangu paa livuje. Watu hudhani nauza intaneti. Intaneti kila mtu anayo mfukoni siku hizi. Mimi nauza kidole. Naandikisha, najaza fomu, nachapisha, na zaidi ya yote natia alama kwenye kile kisanduku cha mwisho cha kukubali masharti. Nimekubali kwa niaba ya wavuvi, walimu wa madrasa, mabibi harusi na maiti mmoja, Mungu amrehemu, ambaye hati zake ziliendelea kudaiwa baada ya kuzikwa.

Wiki iliyopita alikuja bibi wa Mkomani, wa rika la mama yangu. Kitambulisho amekifunga ndani ya karatasi ya maziwa, karatasi ndani ya leso, na kabambe yake, simu ya vitufe, imezungushwa mpira ili betri isidondoke. Alitaka kuandikishwa kwenye huduma moja ya serikali. Mtambo ukasema utatuma nambari za siri kwenye simu yake, lakini nambari ya simu iliyoandikwa kwa jina lake huko ni ya mjukuu wake, naye yuko Mombasa kazini. Tukampigia. Akaanza kutusomea. Kufika tarakimu ya nne muda ukaisha. Tukarudia. Mara ya tatu tukafaulu, bibi akasema alhamdulillahi, nami nikashuka chini ya ukurasa nikatia alama yangu ya kawaida.

"Hapo umefinya nini, mwanangu?"

"Masharti tu, bibi."

"Yanena nini hayo masharti?"

Nina miaka kumi na moja katika kazi hii na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Akanitazama vile mtu anavyomtazama mwuza samaki asiyejua samaki wake wamevuliwa lini.

"Na nikikataa?"

"Hutaandikishwa."

"Basi finya. Nimeacha wali motoni."

Usiku nikaisoma sheria, kwa hasira kidogo, maana kila mwaka tunaletewa habari kwamba Kenya ina sheria nzuri ya kulinda data. Ni kweli ipo, ya mwaka 2019. Na ni kweli imeandikwa vizuri. Inasema ridhaa ya mtu lazima iwe wazi, isiyo na shaka, ya hiari, ya jambo mahususi, na mwenyewe awe ameelewa. Inasema pia kwamba mwenye kuchukua data ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kuwa ridhaa ilitolewa. Nikamfikiria bibi yangu. Wazi? Hiari? Kuelewa? Hata kidole hakikuwa chake.

Na wakiulizwa uthibitisho, watatoa nini? Kumbukumbu ya mtambo kwamba siku fulani, saa nne na dakika kadhaa asubuhi, mwenye kitambulisho fulani alikubali. Kumbukumbu hiyohiyo, mtu akiipekua vizuri, itamwonyesha kuwa kompyuta moja ya Langoni imekubali kwa niaba ya mamia ya watu, wengi wao wakiwa na miaka zaidi ya sitini, wote kwa kasi ya ajabu, na wote wakiwa wasomaji hodari wa Kiingereza cha mawakili. Katiba yetu ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Masharti hayajapata habari hiyo.

Sisi watu wa Amu si wageni wa jambo la kuridhia. Binti akiposwa, hata wazee wakiwa wamekwisha elewana na mahari yametajwa, ataulizwa. Walii anaingia ndani, mashahidi wapo, anatajiwa mume kwa jina lake na la babake, anatajiwa mahari. Bikira akinyamaza, kimya chake ni radhi. Sasa watu wa teknolojia wamechukua kile kimya peke yake na kuacha kila kitu kilichokitangulia. Hakuna walii, hakuna shahidi, mume hajatajwa, na mahari analipa binti.

Ndiyo maana siku hizi nikisoma kichwa cha habari kwamba kampuni fulani "imeboresha faragha ya wateja", nashika mkoba wangu kwanza.

Chukueni ile ya WhatsApp ya Januari 2021. Tuliletewa notisi: kubalini masharti mapya kabla ya tarehe 8 Februari. Kelele zikavuma dunia nzima, wakasogeza hadi 15 Mei. Hapa mtaani nusu ya watu walihamia Telegram kwa hasira. Hasira ilidumu mpaka harusi ya kwanza. Kundi la mapishi liko WhatsApp, kundi la mazishi liko WhatsApp, mwenye boti ya Mokowe anatangaza safari kule kule. Utakaa Telegram na nani? Wakarudi mmoja mmoja, wakakubali. Nigeria hawakuliachia hapo. Tume yao ya ushindani na ulinzi wa walaji ililichunguza jambo hilo, na Julai 2024 ikawatoza Meta, wenye WhatsApp na Facebook, dola milioni 220; Aprili 2025 baraza lao la rufaa likasema faini ibaki. Nasoma hayo na kuona wivu, nakiri.

Ingawa faini nazo ni hadithi. Julai 2019 ilipovuja habari kwamba Facebook itatozwa dola bilioni 5 kule Marekani, bei ya hisa zake ilipanda siku hiyohiyo. Wenye fedha hawakutishika. Mtu ahukumiwe halafu dukani kwake wateja waongezeke!

Za kwetu sasa. Sheria yetu inasema faini ya juu anayoweza kutoza Kamishna wa Data ni shilingi milioni 5 au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Mpaka hapo sawa. Halafu yanafuata maneno machache ambayo niliyasoma mara tatu nikidhani macho yangu yamechoka: kiasi kilicho *kidogo* kati ya hivyo viwili. Ulaya wao waliandika euro milioni 20 au asilimia 4, kilicho *kikubwa*. Kwa hiyo kwetu kampuni ikinenepa vipi, dari yake ni milioni 5. Mimi nikitozwa hiyo nauza nyumba ya urithi na punda wa ndugu yangu juu. Kampuni ya mabilioni ikitozwa, hiyo ni chai, na Mkenya anajua chai ni nini. Aliyeandika neno hilo moja sijui kama alikuwa na usingizi au alikuwa macho sana.

Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoa faini tatu kwa mpigo. Kampuni ya mikopo ya simu, iliyotumia majina na nambari ilizozipata kwa watu wengine kutuma vitisho, ilipigwa shilingi 2,975,000. Klabu iliyobandika picha ya mteja bila idhini yake, 1,850,000. Shule iliyobandika picha za watoto bila idhini ya wazazi, 4,550,000. Watoto walindwe, sina ubishi, na sisi wa Lamu tunaopigwa picha vibarazani kama majengo tunajua uchungu wake. Lakini shule kumzidi mkopeshaji mwenye vitisho?

Maana wakopeshaji hawa nawajua. Kuna kijana wa mashua hapa gatini alikopa shilingi 500 kwenye programu moja, ya kununulia petroli. Kaskazi ikavuma vibaya, akakaa siku nane bila abiria. Siku ya tisa wakampigia mkwewe. Si mkewe, mkwewe, mama mtu mwenye heshima zake, na kumwambia mume wa bintiye ni mwizi. Nambari waliipata kwenye simu ya kijana, kwa kuwa alikubali. Kijana alikuja kwangu akitaka nimtolee masharti hayo ayaone. Nikayachapisha: kurasa ishirini na tatu. Kwangu ukurasa ni shilingi kumi. Karibu nusu ya mkopo ingeishia kwenye karatasi ya kujua mkopo ni wa nini. Sikumtoza. Ukurasa wa kumi na sita ndipo walipoandika habari ya nambari za jamaa, ndani ya sentensi yenye mistari saba bila nukta. Mwezi ule hakwenda kwa mkwe hata siku ya Ijumaa.

Msione nasema tu kwamba mahakama hazifai. Kuna ile ya Worldcoin. Julai 2023 watu walijipanga kwenye jumba la mikutano la KICC, Nairobi, kupigwa picha ya mboni ili wapewe sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya kama shilingi elfu saba. Mpwa wangu alinipigia kutoka kwenye foleni. "Khaleti, nipimwe mato?" Nikamwambia mato yako si ndizi, rudi nyumbani. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu, katika kesi iliyopelekwa na Katiba Institute, shirika la kutetea katiba, ikaamuru data zile zifutwe ndani ya siku saba, na ikaeleza kwamba ridhaa ya kuvutwa kwa pesa si ridhaa. Hukumu tamu. Ila hesabuni: foleni ilikuwa 2023, hukumu 2025. Na kufutwa kwenyewe utakuona kwa jicho gani? Deni la dukani likifutwa, mwenye duka anapiga mstari kwenye daftari na wewe unaona wino.

Nikifika kwenye daftari ni bora niseme la kwangu, kabla hajalisema mtu mwingine. Ninalo daftari la kurasa mia mbili, jalada la buluu, ambalo nimeandika nywila za wateja wangu. Majina, nambari za vitambulisho, nywila. Wao wenyewe ndio walioniomba, kwa sababu wakisahau kurudishiwa ni safari, na wengi nywila zao ni jina la mjukuu na mwaka aliozaliwa. Nalifungia kwenye sanduku la nguo. Kwa sheria ileile ninayoisifu, sijui kama nina hata ridhaa moja iliyo wazi, ya hiari na mahususi mle ndani. Niliiona kazi yangu kuwa ni msaada. Hata wao, wakiulizwa, husema ni msaada.

Tangu siku ya bibi nimeanza utaratibu mpya. Kabla ya kufinya, namsomea mteja masharti kwa Kiswahili, yale makubwa tu: wanachukua nini, wanampa nani, wanakaa nacho muda gani. Ni dakika ishirini kwa mtu mmoja, nikiwa sijakatizwa na umeme. Wengi husikiliza dakika tatu za mwanzo. Mzee mmoja wa Matondoni alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili ambayo sikuweza kuyajibu, akachukua kitambulisho chake na kwenda zake bila kujiandikisha. Ndiye wa kwanza kukataa kwa miaka kumi na moja. Kesho yake alirudi, maana mwanawe alimgombeza.

Na juzi wateja wangu wawili wa siku zote niliwaona wamekaa kwenye saiba ile nyingine, ya karibu na gati. Nilipowasalimu wakaona haya kidogo. Mmoja akanieleza kwamba si kwa ubaya, dada, ila kule yule kijana hasomi, anafinya tu.