Tulivyopanga vipaumbele vya maadili na mazingira katika chama chetu cha wanafunzi

Nilipochaguliwa kuwa katibu wa maadili na mazingira wa chama cha wanafunzi, nilikabidhiwa malengo ya kurasa kadhaa: kupanda miti, kupiga marufuku chupa za plastiki, kahawa ya biashara ya haki (ile inayomlipa mkulima bei ya haki), kuutaka uongozi wa chuo uondoe fedha zake kwenye kampuni za mafuta na makaa ya mawe, haki za wafanyakazi, baiskeli, karatasi, haki za wanyama. Hakuna hata moja lililokuwa baya. Ila karibu yote yalikuwa yameandikwa mwaka uliotangulia pia, kwa maneno yaleyale. Viongozi wa wanafunzi tunakaa mwaka mmoja tu, na ukiondoa mitihani, likizo na kampeni za uchaguzi, muda wa kazi ni miezi ya kuhesabu. Nikaiambia kamati yangu kwamba kazi yetu ya kwanza ni kuchagua, na kwamba kuchagua maana yake kuna mambo mazuri tutakayoyaacha.

Tulianza na pesa. Nilimwomba mweka hazina atupe ankara za mwaka uliopita, tukazitandaza sakafuni ofisini na kuzipanga mafungu kwa mafungu. Kulikuwa na sababu. Mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesi joto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, ule unaotumiwa na kampuni na taasisi nyingi, unagawa uchafuzi katika makundi matatu: wa mafuta unayochoma mwenyewe, wa umeme na joto unalonunua, na wa kila kitu kingine kinachokuzunguka, yaani bidhaa, safari, taka, hata uwekezaji. Chama cha wanafunzi hakina kiwanda, na bili ya umeme ya jengo letu ililipwa na chuo. Sehemu yetu kubwa ilikuwa kundi la tatu. Kamati ilikuwa imejiandaa kujadili taa na swichi, kumbe ankara zinaonyesha fulana, mabasi ya timu za michezo, uchapishaji na vyakula vya hafla.

Fulana zilituchukua muda mrefu kuliko kitu kingine, na sijutii. Stoo kulikuwa na maboksi ya fulana za kuwapokea wanafunzi wapya, zimebaki mpya kabisa, na hakuna aliyezitaka kwa sababu zilichapishwa mwaka mgongoni. Niligeuza kola ya mojawapo. Lebo ilitaja nchi, saizi na pamba asilimia 100. Jina la kiwanda halikuwepo. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza lilipoporomoka karibu na Dhaka, Bangladesh, na kuua zaidi ya watu 1,100, wengi wao washonaji, watu walilazimika kuchakura lebo kwenye kifusi ili kujua nguo zile zilikuwa zikishonwa kwa ajili ya nani. Tulimwandikia mzabuni wetu atutajie kiwanda. Akajibu kwa upole kwamba yeye hununua kwa mtu wa jumla, na huko nyuma hakujui. Basi likawa la kwanza katika vipaumbele vyetu: fulana chache zaidi, zisizo na mwaka ili zilizobaki zitumike tena, na mzabuni yeyote ataje kiwanda kwa maandishi kabla ya kupewa kazi.

La pili lilitoka kwa mtu ambaye hakuwa mwanachama. Tulikuwa na pendekezo zuri la kutenganisha taka, mapipa ya rangi tofauti kila ghorofa. Kabla ya kulipeleka kwenye mkutano wa chama nilikwenda kumwona mama anayesimamia usafi wa jengo. Nilimwamkia, nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, wenzako wakitupa ovyo, sisi ndio tutakaoingiza mikono humo kurekebisha. Na glavu hizi ninapewa jozi moja mpaka ichanike." Akanionyesha. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimetoboka, amekizungushia utepe wa gundi.

Sikuwahi kuona hoja iliyotufikirisha kama ile. Tulikuwa tumeweka "maadili" ukurasa mmoja na "mazingira" ukurasa mwingine, wakati kwa mama yule vilikuwa pipa moja. Pendekezo tukaliandika upya: mapipa hayawekwi mpaka wasafishaji wapate vifaa na muda wa ziada wa kazi hiyo uingizwe kwenye mkataba wao, na mpaka mchukuzi wa taka aonyeshe kilichotenganishwa kinapelekwa wapi. Hili la mchukuzi msilipuuze. Ukitenganisha taka vizuri kisha zikamwagwa kwenye lori moja, wanafunzi wakiona mara moja tu, umewapoteza.

Baada ya hapo tulikuwa na maswali matatu ya kupimia kila pendekezo. Uamuzi uko mikononi mwetu? Madhara ni makubwa kiasi gani, na yanamwangukia nani? Likipita, litabaki tukishaondoka? Vikombe vya plastiki inayotokana na mahindi, vilivyokuwa na mashabiki wengi, vilianguka hapo. Aina ile huoza vizuri kwenye mitambo ya mboji yenye joto la karibu nyuzi 60. Ikitupwa jalalani inakaa kama plastiki nyingine, na mchukuzi wetu hakuwa na mtambo. Tukachagua vikombe vya kuoshwa.

Swali la kwanza ndilo lililozua ugomvi. Kuna waliosema suala la uwekezaji wa chuo lifutwe, kwa kuwa mwenye uamuzi ni baraza la chuo. Mwenzetu mmoja alisimama akakumbusha kwamba wanafunzi wa Uingereza waliisusia benki ya Barclays kwa miaka mingi kwa sababu ya biashara yake katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na mwaka 1986 benki hiyo ikauza hisa zake huko na kuondoka. Akaongeza University of Glasgow, ambayo mwaka 2014 ilikuwa ya kwanza barani Ulaya kuahidi kujitoa katika kampuni za nishati za kisukuku, yaani mafuta, gesi na makaa ya mawe, baada ya kampeni ya wanafunzi. Alisema kweli. Chama cha wanafunzi kina mikono na kina sauti pia. Tukakubaliana tuwe na kundi la mambo tunayoyaamua wenyewe, na jambo moja tu la kulipigia kelele mwaka mzima. Kelele za mambo mengi kwa pamoja hazisikiki, naamini hivyo mpaka leo.

Lakini huwezi kulihoji baraza kuhusu fedha zao wakati zako hujazitazama. Kwa hiyo ilibidi tuandike kanuni ya udhamini, na hapo ndipo palipouma. Tumbaku haikuwa na mjadala: mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika 2005, unazitaka nchi wanachama zipige marufuku kabisa matangazo na udhamini wake, kwa kadiri katiba zao zinavyoruhusu. Kampuni za kamari ndizo zilizotugawa, maana mojawapo ilikuwa inalipia sehemu ya mashindano ya michezo. Nahodha wa timu aliniuliza mbele ya wote, "Katibu, jezi tutanunua na nini?" Swali halali. Niliona si haki wanamichezo peke yao walipie dhamiri ya chama kizima, hivyo tukapendekeza pengo lizibwe kwa kiasi tulichookoa kwenye fulana na uchapishaji. Halikuziba lote. Nahodha alipiga kura ya kukubali hata hivyo, na nilimheshimu sana.

Mkutano mkuu ulipoketi, hatukupeleka tamko. Tulipeleka marekebisho ya kanuni za manunuzi na za udhamini, pamoja na kiambatisho cha yaliyoachwa na sababu za kuachwa, ili anayefuata asianze na orodha ndefu upya. Ulaji wa nyama kwenye hafla uliwekwa humo, kwa sababu tulitaka kwanza kuwasikiliza wapishi. Baiskeli pia. Marekebisho yalipita, kipengele cha kamari kilipita kwa kura chache.

Katibu aliyenifuata alibadilisha ratiba ya mapipa na akaanza na ghorofa mbili, akiwa ameshapata ahadi ya glavu kwa maandishi. Barua yetu kuhusu uwekezaji bado iko kwa baraza la chuo. Wamekubali kutoa orodha ya kampuni walizowekeza, na kamati mpya inaipitia jina kwa jina.