Kusi, kaskazi na projekta moja ya shule nzima

Nafundisha Historia na Jiografia, Kidato cha Pili, katika shule ya kata hapa Tanga. Projekta tunayo moja. Ukiitaka Jumatatu, mwone mtaaluma tangu Ijumaa. Mara ya kwanza nilipoipata nilijiona nimefika. Nikaandaa slaidi 32 za safari za Wareno, zimejaa Kiingereza kama kitabu chenyewe. Wanafunzi 64 wakainamisha vichwa, wakanakili. Jioni nasahihisha madaftari, nakuta kijana mmoja amenakili mpaka yale maneno ya programu yanayokuelekeza ubofye uandike kichwa cha habari. Slaidi moja niliisahau tupu. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona aibu. Nilikuwa nimehamisha ubao tu, basi.

Mada ya Jiografia iliyofuata ilikuwa pepo za msimu. Safari hii sikuandika kitu. Usiku, kwa bando langu mwenyewe, niliingia tovuti inayoonyesha upepo wa dunia kwa vistari vinavyotembea, nikarekodi kioo cha kompyuta: dakika moja ya Januari, moja ya Julai, moja ya Oktoba. Nikaweka kwenye flashi, maana intaneti ya shuleni siitegemei. Darasani tukatundika shuka jeupe ukutani na kanga mbili madirishani kuzuia jua.

Nikawasha ya Julai bila kusema neno. Vistari vikapanda kutoka kusini, vikapinda karibu na Somalia na kukimbilia India. Kimya. Halafu binti mmoja wa nyuma, baba yake mvuvi, akasema, "Hiyo kusi, mwalimu."

Nikaweka Januari. "Kaskazi!" darasa zima. Ilipokuja Oktoba, vistari vikazubaa, vingine huku, vingine kule. Yule binti tena: "Tangambili hiyo." Neno hilo, la majira upepo unapobadilika na hauna mwelekeo mmoja, halimo katika kitabu chetu, na ningemlazimisha aseme kwa Kiingereza angenyamaza mwaka mzima.

Hapo nikachukua chaki. Vasco da Gama, nahodha wa Wareno, aliondoka Malindi 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa huko, akafika Calicut, India, 20 Mei. Kurudi, aliondoka kisiwa cha Anjediva, pwani ya India, 5 Oktoba, akaiona Mogadishu 2 Januari 1499. Hesabuni siku.

Kwenda, 26. Kurudi, 89, na bado hajafika Malindi. Tukapima kwa Google Earth: kutoka Malindi hadi Calicut ni kilomita 4,200 na ushee.

"Sasa mbona kurudi mara tatu, na bahari ni ile ile?"

Sikujibu. Nikairudisha ile dakika ya Oktoba. Minong'ono ikaanza mbele ikaenda hadi nyuma, na kijana mmoja akasema kwa hasira kabisa, "Si angengoja Desemba!" Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga muda mrefu, kilichowaua mabaharia njiani nilikieleza baada ya hapo, na sikuhitaji kupaza sauti.

Robo saa ya mwisho niliwapa waandike sentensi tano kwa Kiingereza, maana mtihani hauulizi tangambili. Makosa ya sarufi yalikuwepo tele. Sababu za safari ile kuchukua muda mrefu hazikukosewa.

Kwa mkondo B umeme ulikatika dakika ya kumi. Nikachora Bahari ya Hindi sakafuni kwa chaki, karatasi ikakunjwa ikawa jahazi, safu ya kulia ikawa kusi na ya kushoto kaskazi, wakapuliza kwa zamu. Kusema kweli kelele ilikuwa kubwa kuliko ya mkondo A, na mkuu wa shule akaja kuchungulia.

Karibu na kufunga muhula tukaenda Tongoni, barabara ya Pangani, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. São Rafael, moja ya meli za Vasco da Gama, ilipanda mwamba upande huu wa pwani wakati wa kwenda, na Januari 1499 Wareno wakaichoma moto wenyewe, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha meli tatu. Nikatoa simu niwaonyeshe mahali kwenye ramani. Hakuna aliyeitazama. Walikuwa wamesimama wameelekea baharini, wanabishana upepo ule unaowapiga usoni ni upi.