Mama na ile kona ya Rochester

Jana mwanangu alikuwa anachora ngome, homuweki ya shule, mnara kauwekea kona nne zote za mraba, nikajikuta namwambia hiyo moja ifanye ya duara. Kwa nini? Nikataka kumwambia kamuulize bibi yako, nikanyamaza.

Ilikuwa ile wiki mama alipokuja, mvua haikati, nikampeleka kwenye ngome ya Rochester, Uingereza, angalau atoke ndani. Mnara uko kando ya mto Medway, ulianza kujengwa baada ya mfalme kumkabidhi ngome askofu mkuu wa Canterbury mwaka 1127. Ndani ni mtupu, sakafu hakuna, paa hakuna. Nasoma kibao kwa sauti kama mwalimu, kumbe mama hayupo nami.

Yuko kwenye kona ya kusini mashariki. Kajitanda kanga juu ya jaketi langu, kiganja kakibandika kwenye jiwe, anatazama juu, anatazama kona nyingine, anarudi kwenye ile ile. Babu alikuwa fundi mwashi Pangani, mama kakulia kwenye chokaa na mawe ya matumbawe. "Mwanangu, hii si mkono wa fundi yule. Hapa palibomoka, akaja mwingine."

Na mimi kwenye kibao nilikuwa sijafika huko! Nikakimbilia chini: mwaka 1215 waasi wamejifungia humu, Mfalme John akachimbisha handaki chini ya kona, likategemezwa kwa magogo, kisha akaagiza nguruwe 40 walionona, mafuta yao yakachochea moto, magogo yakaungua, kona ikaanguka. Waasi wakahamia nyuma ya ukuta wa katikati wakaendelea kupigana mpaka njaa ikawatoa. Kona mpya ya duara ilijengwa enzi za Henry III, mtoto wa John.

Mama akachomoa mkono kama kaguswa na pasi. "Astaghfirullah! Nguruwe 40, na wewe unaniangalia tu nashika?" Nikamwambia mama, ni miaka 800, tena hiyo kona ni ya baadaye, haijaonja mafuta. Wapi, anafuta kiganja kwenye kanga huku anacheka mpaka watu wanageuka.

Kwenye treni akasema kona ya nyumba yetu, upande wa choo, ina ufa. Nikamwambia natuma hela ya fundi. Nilituma, tena mara mbili, na mara zote mbili akawanunulia watu mchele. Ufa bado upo, mdogo wangu alinitumia picha baada ya arobaini.