Usiku mmoja ukingoni mwa Nyiragongo

Tulitoka Goma asubuhi, Februari 2020, jua likichoma, na wawili kati yetu walikuwa na fulana za pamba tu. Taabu ya Nyiragongo, volkano ya mashariki mwa Kongo, huanzia hapo. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta, mita 3,470. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka nyuzi sita hivi. Ongeza upepo na mvua ya alasiri.

Kutoka Kibati, njia ya kupanda inapoanzia, tulipita msituni kwa mwendo wa mtu anayeweza kupiga soga bila kuhema. Anayekimbia hulowa jasho, na akipumzika, pamba ile mbichi humnyonya joto. Sweta ya sufu ya mitumba inafaa kuliko jinzi mpya. Seti moja kavu hufungwa ndani ya nailoni, haiguswi mpaka juu.

Kisha lava iliyoganda ya mlipuko wa 2002: mawe mepesi, makali, yanayobiringika chini ya kiatu. Glovu za fundi uashi huokoa viganja. Mteremko wa mwisho, ukishaacha Shaheru, kreta ya zamani ubavuni mwa mlima, ndio mbaya. Jiwe la ngumi likiponyoka huamsha mengine. Tulikata mshazari, asikae mtu chini ya mwenzake, na aliyetikisa hata kokoto alipaza sauti: "Jiwe!"

Vibandani ukingoni, kila mtu alikimbilia kutazama ziwa la lava, akiwa angali na nguo mbichi. Mpagazi ndiye aliyemwona mmoja wetu akihangaika na zipu.

"Papa, vidole vinakataa? Vua yote."

Zipu ni kipimo kizuri cha mwili unaopoteza joto. Baadaye ulimi huwa mzito. Na kutetemeka kukikoma kabla mtu hajapata joto, hali imeshakuwa mbaya. Alivaa nguo kavu, akaingizwa kwenye mfuko wa kulalia, akapewa chai ya sukari nyingi. Kasiksi, pombe ya ndizi, ilikataliwa, maana pombe hupeleka damu kwenye ngozi na joto likapotea. Imbabula, jiko la mkaa, nayo ilibaki nje: makala ndani ya kibanda kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu, kama mazuku, mifuko ya gesi ya kaboni dioksidi ya kule karibu na ziwa Kivu. Moshi wa kreta una salfa, walau huwasha koo. Ulipotugeukia usiku, tulihamia upande upepo unakotoka.

Alfajiri mawe yalikuwa na umande. Tulishuka mmoja mmoja, visigino mbele, mpaka Shaheru.