Nilivyoisaka taa ya Ami

Ami yangu ni mvuvi wa Malindi, na miaka yote husimulia taa aliyoiona usiku akitega jarife, wavu wake mkubwa, mbele ya kijiji cha Ngomeni: iliinuka baharini, ikazimika, ikawaka tena juu zaidi, ikaenda zake mashariki. Wazee walisema jini. Vijana wanasema kisahani, chombo cha viumbe wa sayari nyingine, na kwamba Wamarekani wanaficha.

Wanaficha nini? Jamaa mmoja hapa mjini alitaka elfu mbili na ushei anifungulie "mafaili ya siri". Mafaili yenyewe yako wazi, bure! Jeshi la Anga la Marekani lilichunguza ripoti 12,618 za vitu vya ajabu angani katika mradi wa Blue Book. 701 tu ndizo zilizokosa maelezo, nyingi zilizobaki ni nyota, maputo na ndege. Nikakesha nayo, bando likaisha, nikanunua jingine, macho yakaniwasha kwa herufi za taipureta zilizofifia. Kumbe mradi ulifungwa 1969. Nikahamia mafaili ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza: barua tele za watu walioona taa juu ya mapaa yao. Malindi, wapi!

Sasa hapa mnipigie makofi. Ukimuuliza mzee tarehe unapoteza wakati. Mimi nilimuuliza nani alikuwa mchanga nyumbani. "Dadako mkubwa, hata arubaini hajatoka." Cheti chake kinasema 1972. Na mwezi je? "Mfunguo Mosi, tushamaliza kufunga sita." Ndio mwezi unaofuata Ramadhani; nikageuza kalenda, ikaniangukia katikati ya Novemba. Nikaachana na visahani, nikatafuta orodha ya roketi zilizorushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililo baharini, palepale Ngomeni. Hiyo hapo: setilaiti ya Marekani, SAS-2, Novemba 15, 1972, saa 22:13 za Greenwich. Ongeza tatu, kwetu ni saa saba na robo hivi usiku, na tarehe ishakuwa 16. Msisahau kuongeza, mtaruka usiku mzima.

Na ile kuzimika? Roketi iliyoibeba, Scout, ilikuwa na hatua nne, yaani vipande vinne vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Moja ikimaliza mafuta inadondoka, ya pili inawashwa.

Ami alinisikiliza mpaka mwisho, akatema tambuu.

"Haya, mwanangu, roketi. Usiku ule nilikata jarife nikimbie, jarife jipya. Sasa nimdai Mtaliano au Mmarekani?"