Utepe wa Buluu

Juni 2011 nilikuwa masomoni Hampshire, kusini mwa Uingereza. Jumamosi moja nikaungana na wazee waliokuwa wakihesabu wadudu mtoni. Mimi mtoto wa Muheza, kereng'ende nimewafunga uzi mkiani tangu sijaanza shule, basi nilifika na ujuaji wangu wote.

Tuliowahesabu ni wale wembamba, ambao wakitua hukunja mbawa juu ya mgongo. Upande wa juu wa mto, kabla ya daraja, maji yanakokimbia kwenye kokoto, madume walikuwa na mbawa za buluu nzito, bawa zima. Ukishapita daraja mto unatulia na kuwa tope, na huko madume walikuwa na utepe tu wa buluu katikati, ncha za mbawa zikipitisha mwanga. Kitabuni ni spishi mbili, Calopteryx virgo na Calopteryx splendens. Mimi nikaona Wazungu wanajitafutia kazi. Nikamweleza bibi niliyepangiwa naye kwamba hawa ni wamoja: utepe huanza katikati, mdudu akikua unatambaa mpaka bawa linajaa. Daftarini nilishaandika "wadogo" na "wakubwa".

Hakunibishia. "Basi tumtafute mdogo kuliko wote," akasema.

Tukapanda upande wa juu wa mto. Kwenye nyasi za ukingoni akapiga wavu mara moja tu, akamtoa mmoja na kumbana mbawa kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayeshika stempu. Alikuwa ametoka majini siku chache tu. Mbawa zilikuwa bado laini, zinametameta, rangi ya kahawia kuanzia shinani mpaka nchani. Utepe hakuna.

"Huyo jike," nikasema haraka.

"Jike ana doa jeupe karibu na ncha ya bawa. Lionyeshe."

Nikainama mpaka pua ikakaribia kumgusa. Doa halikuwepo.

Akamwachia, akakamata dume aliyekomaa, akamgeuza tumbo juu. Chini ya ncha ya mkia palikuwa pekundu, wekundu wa ufizi. Kisha tukashuka akakamata mwenye utepe: pale pale palikuwa peupe pa kuelekea manjano.

"Haya, na hiyo nayo imetambaa?"

Nikafungua daftari nisahihishe. Kurasa mbili nzima, zote kwa kalamu ya wino. Bibi akachungulia, akatoa penseli mfukoni, akanipa, akarudi kuhesabu.